Hilux ya zamani: namna ya kuitengeneza, na namna ya kujua kwamba sasa basi

Nabeba nyanya kutoka Ilula na vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwa Toyota Hilux LN106, kebini moja, injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina lake, si lita tatu). Ni gari la enzi ambazo pikapu haikuwa na kompyuta. Limenilisha, limenisomeshea watoto, na kuna siku limenilaza barabarani na tenga arobaini za nyanya zikiiva mgongoni mwake. Mwongozo huu ni kwa mwenye pikapu ya namna hiyo ambaye kila likiharibika anajiuliza: niingize tena hela humu, au nitafute jingine?

Swali hilo usilijibu ukiwa barabarani gari limezima, wala ukiwa gereji fundi amekwisha kufungua hedi, yaani kichwa cha injini. Jibu lake hutafutwa gari likiwa zima, kwa kufuata hatua. Na jambo moja ulishike tangu mwanzo: wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Injini hutengenezeka, au huletwa nyingine. Linaloamua uhai wa pikapu ni chasi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya spana

Nunua daftari gumu, liwe linakaa ndani ya gari. Chora safu sita: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, bei ya spea, malipo ya fundi, na siku ambazo gari limelala. Hiyo safu ya mwisho ndiyo watu wanayoiacha, na ndiyo inayokula hela nyingi kimyakimya.

Kama mita ya kilomita haisomi, anza na hiyo. Kwa pikapu hizi mara nyingi ni waya wa spidi umekatika, kazi ya saa moja. Bila kilomita hujui mkanda wa taimingi (unaozungusha kemshafti ya vali) umebakiza nini, hujui oili imetembea kiasi gani, na hutajua kamwe kila kilomita inakugharimu shilingi ngapi.

Kisha fungua boneti usome kibati cha gari. Herufi ya kwanza ya modeli inakwambia ukoo wa injini iliyotoka nayo kiwandani: LN ni injini za L (2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, 5L ya lita 3.0). Linganisha na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe, halafu na kadi ya gari. Injini nyingi zimebadilishwa njiani na mwenye gari wa sasa hana habari. Ukinunua gasketi ya 2L wakati uliyonayo ni 3L, umetupa nauli ya kwenda mjini.

Hatua ya 2: Lala chini ya gari

Liweke pikapu sehemu tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, inua kwa jeki, kisha shusha juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuangalia tu. Jeki huachia bila kutoa taarifa.

Beba tochi, brashi ya waya, nyundo ndogo na bisibisi bapa. Safisha tope kwanza. Chini ya tope lililokauka ndipo kutu inapofuga. Gonga chasi kidogokidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti bubu, kama unagonga ubao uliolowa. Kila ukisikia hivyo, sukuma bisibisi hapo. Ikizama, umepata jibu ambalo hakuna rangi nyeusi ya kupulizia itakayolificha.

Sehemu za kukazia macho ni pale chasi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, pale hanga za springi zilipofungwa, nyuma ya kebini ambapo maji ya mvua hudondokea, na mbele ambapo boksi la stelingi limeshikiliwa. Gari lililofanya kazi pwani, likabeba samaki au chumvi, likague mara mbili. Chumvi hula kutoka ndani, kwa sababu chasi ya Hilux ni kama boksi: nje unaweza kuona rangi nzuri na ndani pamebaki maganda.

Tafuta pia nyufa na sehemu zilizochomelewa. Kuchomelea si dhambi kama kazi ilifanywa na mtu anayejua, akaweka kipande cha chuma cha unene uleule na kukifunga kwa urefu wa kutosha. Ila ukikuta nondo imelazwa juu ya ufa kisha ikapakwa lami, mfanyaji alikuwa anatafuta kuuza gari, si kulitengeneza.

Pima pia kama chasi imepinda. Chukua kamba au futi ya mkanda, pima kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili vikitofautiana kwa kiasi kinachoonekana, chasi iliwahi kugongwa. Pikapu kama hiyo hula tairi upande mmoja maisha yake yote na hakuna alaimenti itakayoiponya.

Kama chasi ni nzima, endelea kusoma kwa moyo mkunjufu. Kama imelika sehemu mbili tatu zinazobeba springi, ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 3: Sikiliza injini ikiwa baridi

Asubuhi, kabla gari halijawashwa. Ukimwambia fundi au muuzaji kwamba unakuja, mwambie asiliwashe. Injini ikishapata joto huficha mengi.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, nozo (vipulizia dizeli) zinadondosha badala ya kupuliza, au pampu imefunguliwa zaidi ili gari lipate nguvu. Hayo hutibika. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, maana yake ringi za pistoni au sili za vali. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache kwa kawaida ni dizeli isiyoungua vizuri, tazama plagi za kupasha moto. Lakini moshi mweupe usioisha, huku maji ya rejeta yanapungua, ni hedi au gasketi yake.

Kisha legeza kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma taratibu, kiache kimekaa juu ya tundu bila kukazwa. Kikitikisika kidogo ni kawaida ya dizeli ya umri huo. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa msukumo, injini inapumua: gesi inapita pembeni ya pistoni.

Kabla ya kukubali neno "ovahoo", yaani kufungua injini yote na kuifanya upya, dai kipimo cha kompresheni: silinda inabana hewa kwa nguvu gani. Fundi atoe plagi za kupasha moto, achomoe waya wa solenoidi ya dizeli ili injini isiwake, afunge geji ya dizeli (ya petroli haihimili) na kuzungusha kwa stata yenye betri iliyojaa. Kwa 3L iliyo nzima utaona psi 400 na zaidi. Ikishuka kukaribia 285 imefika mwisho wake. Kwetu Iringa, mita 1,500 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo geji itasoma chini kidogo kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda. Nne zikikaribiana, injini imezeeka kwa usawa na bado inafanya kazi. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, kuna vali, gasketi au pistoni mahali hapo, na huenda huhitaji ovahoo nzima.

Nimeona mtu akilipa ovahoo kamili wakati ugonjwa ulikuwa nozo moja. Geji ingemwokoa kwa nusu saa.

Hatua ya 4: Maji, maji, maji

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo Hilux za dizeli zinapofia.

Anayejua barabara ya Morogoro kwenda Iringa anaujua mlima Kitonga. Unatoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, unaingia kwenye kona za kupanda, mbele yako lori linatambaa gia ya kwanza na huna pa kulipita. Hapo ndipo langu lilipochemsha kwa mara ya kwanza. Fundi wa kwanza niliyempelekea alitazama dakika tano akasema, "Bosi, tutoe hii themostati, ndiyo inayoleta joto." Nilikubali. Ilinigharimu gasketi ya hedi miezi minne baadaye.

Themostati haina kosa. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, na ikifunguka vizuri haipunguzi upoaji wowote. Ukiitoa, injini kwenye barabara ya tambarare hukaa baridi, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka na ringi zinalika mapema. Na kwenye injini ambazo themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, kuiondoa hufanya sehemu ya maji izunguke bila kupita kwenye rejeta kabisa. Mlimani gari huchemsha zaidi kuliko mwanzo. Ijaribu ya kwako kwa kuichovya kwenye sufuria ya maji jikoni: ikikaa imefunga maji yakitokota, nunua mpya. Ikifunguka, irudishe mahali pake.

Fuata mpangilio huu, wa bei rahisi kwanza:

Kifuniko cha rejeta. Kile kispringi chake ndicho kinachoshikilia mgandamizo wa maji, na mgandamizo ndio unaopandisha kiwango cha kuchemka. Bila mgandamizo, maji matupu kwa urefu wa Iringa yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima huyavusha nyuzi 110. Mpira wake ukipasuka gari zima linaonekana bovu, kumbe ni kitu cha bei ya chakula cha mchana.

Mkanda wa feni na klachi ya feni. Injini ikiwa moto, izime, kisha zungusha feni kwa mkono: inapaswa kuwa nzito. Ikizunguka kama pia, klachi yake imekufa. Wengine huichomelea ili izunguke muda wote. Itapoza, ndiyo, lakini inakula nguvu na dizeli na siku feni ikipasuka inapasua rejeta.

Rejeta yenyewe. Ikishapata joto, zima gari, pitisha kiganja mbele yake bila kuigusa, upande kwa upande. Sehemu iliyo baridi imeziba. Ipeleke kwa wachomelea rejeta waifungue na kuisafisha kwa fimbo. Dawa ya kumwaga tu haifiki kwenye mirija iliyojaa tope. Baada ya hapo tumia kulanti au maji safi yaliyochanganywa nayo, si maji ya mtoni. Maji ya mtoni huacha chokaa na kutu, na ndiyo yaliyoziba rejeta tangu mwanzo.

Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa rejeta (fungua kifuniko chake injini ikiwa baridi tu), au oili imekuwa kama chai ya maziwa, simamisha gari hapohapo. Usijaribu kulifikisha nyumbani. Kilomita kumi za ubishi hugeuza gasketi kuwa hedi mpya.

Hedi ikitolewa, isirudishwe kabla haijapimwa mambo mawili karakana ya mashine: kama imepinda, na kama ina ufa, hasa katikati ya vali. Kuchonga hedi ya dizeli kuna mpaka. Gasketi nazo huja kwa unene tofauti kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Mwambie fundi asome alama ya ile ya zamani kabla hajaitupa.

Hatua ya 5: Mkanda wa taimingi

Hatua fupi, isiyo na mjadala. 3L inaendeshwa na mkanda, si cheni. Kila kilomita 100,000 ubadilishe, pamoja na beringi ya kukazia, na sili za krankshafti na kemshafti kama zinavuja, kwa sababu oili huoza mkanda. Ukikatika injini ikizunguka, vali hugongana na pistoni. Kama umenunua gari na hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Hatua ya 6: Breki na stelingi

Kupanda Kitonga kunaua injini, kushuka kunaua watu. Kwa hiyo katika foleni ya matumizi breki ziko mbele ya rangi, mbele ya redio, mbele hata ya moshi.

Fungua ngoma za nyuma. Ukikuta bitana zimelowa grisi au oili, sili ya ekseli imekwisha. Kufuta kwa petroli na kurudisha ni kujidanganya, weka sili na bitana mpya. Badilisha maji ya breki yote kila miaka miwili, kwa maana yananyonya unyevu na kwenye mteremko mrefu huchemka, pedali ikazama hadi chini. Kisha tazama juu ya ekseli ya nyuma kwenye kile kijiti kinachounganisha ekseli na vali iliyofungwa kwenye chasi. Vali hiyo husoma uzito wa mzigo na kugawa nguvu ya breki ya nyuma. Mafundi wengi huiruka kwa kuunganisha bomba moja kwa moja. Gari likiwa tupu kwenye lami yenye mvua, magurudumu ya nyuma yatafunga kabla ya mbele na mkia utazunguka.

Boljointi na tairodi, yaani viungo vinavyoshika na kugeuza magurudumu ya mbele: inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wowote unaosikika, badilisha. Hapa nunua orijino hata kama nozo umenunua za mtumba. Na ukienda dukani, iwe Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, beba spea ya zamani mkononi. Maelezo ya mdomo yameuza spea nyingi zisizoingia.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Sasa lifungue daftari. Chukua miezi 12. Jumlisha spea na ufundi, kisha siku gari lililolala zidisha kwa faida ya siku moja baada ya kutoa dizeli na posho.

Tuchukue mfano. Spea na ufundi shilingi milioni 4.2. Gari limelala siku 26, na siku ya kazi inakuachia 60,000: hiyo ni milioni 1.56. Jumla milioni 5.76 kwa mwaka.

Upande wa pili, gari jingine la milioni 38 ambalo utalitumia miaka 6 na kuliuza milioni 20. Limekula milioni 18, yaani milioni 3 kila mwaka. Ongeza riba ya mkopo, tuseme milioni 2. Bima kubwa ambayo benki itaidai, milioni 1.3, na matengenezo yake, kwa maana nalo litaharibika, milioni 1.2. Jumla milioni 7.5. Kwa hesabu hiyo la zamani bado linashinda, ingawa moyo umelichoka. Mwaka ambao lako litafika milioni 8, limeshindwa.

Weka namba zako, si zangu. Na usitazame mwaka mmoja peke yake: mwaka wa ovahoo siku zote ni mbaya, na miwili inayofuata huwa ya nafuu. Kinachotisha ni miaka mitatu inayopanda mfululizo bila kazi yoyote kubwa kufanyika.

Kuna hali tatu ambazo sihitaji hesabu. Chasi iliyooza mahali pa springi au stelingi. Karatasi zisizonyooka, kama namba ya chasi kutolingana na kadi, kwa sababu kila shilingi unayoweka humo unaiweka kwenye mali ambayo hutaweza kuiuza. Na gari lenye breki au stelingi inayorudia ugonjwa uleule baada ya kazi ya kweli kufanyika, hasa kama linabeba watu. Hapo simama.

Hatua ya 8: Ukiamua kubadilisha

Usikimbilie jipya zaidi kuliko barabara na kituo chako cha mafuta. Nozo ya 3L hufunguka kwa bar 150 hivi na huvumilia dizeli ya madumu. Injini za D-4D zilizokuja na Hilux za baada ya 2004 husukuma dizeli kwa zaidi ya bar 1,000 kupitia matundu membamba sana. Zina nguvu, zinakula kidogo, lakini tone la maji au mchanga linaziua, na seti ya injekta ni bei ya kukaa chini kwanza. Ukinunua hiyo, badilisha filta ya dizeli mapema na uache kabisa mafuta ya barabarani.

Ukiagiza nje, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) cha magari yaliyotumika uone kodi, kabla hujatuma hata senti. Gari kuukuu hubeba ushuru wa ziada kwa ajili ya umri, na bei ya kuvutia ya Japani huweza kukaribia kuwa maradufu bandarini. Kwa Kenya mlango ni mwembamba zaidi: gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia.

Ukinunua hapa hapa, rudia hatua ya 2 na ya 3 kwenye gari la muuzaji. Namba ya chasi ya Hilux imegongwa kwenye chuma cha chasi upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Ipanguse, isome kwa kidole. Asiyetaka ulale chini ya gari lake, mshukuru na uondoke.

La zamani nalo liuze vizuri. Lioshe, usilipake lami. Mpe mnunuzi daftari alione gari lilikotoka. Langu la kwanza niliuza kwa bei niliyotaka kwa sababu ya daftari tu. Kama injini iliwahi kubadilishwa, rekebisha namba yake kwenye kadi kwanza. Halafu nendeni pamoja kuhamisha umiliki, na ufunguo umkabidhi mkishatoka huko. Faini za trafiki zinafuata jina lililo kwenye kadi.